Lipu Iwe Nyonge Kuliko Ukuta

Mwulize mtu yeyote anayejenga anataka lipu ya namna gani, atakujibu bila kufikiri: ngumu. Fundi naye, akitaka kusifiwa, ataongeza saruji kidogo kwenye mchanganyiko, apige niru mpaka ukuta ung'ae, na mwenye nyumba atapitisha kiganja juu yake na kuridhika. Kwa macho ya siku ile kazi ni nzuri. Masika machache yakipita, ukuta huohuo umechanika, rangi imetoka malengelenge, na ukiugonga kwa kifundo cha kidole unasikia uwazi nyuma yake.

Ninachotaka kukisema hapa ni chepesi kutamka na kigumu kukubali: lipu nzuri ni ile iliyo nyonge kidogo kuliko ukuta inaoufunika. Kazi yake ni kupokea mvua, jua, chumvi na mitikisiko ya nyumba kwa niaba ya ukuta, na ikibidi, ife yenyewe ukuta ubaki. Lipu hubanduliwa ikapigwa nyingine. Ukuta ukioza, nyumba imekwenda.

Mahali pa kuliona jambo hili kwa macho ni Mji Mkongwe wa Unguja. Pita vichochoro vya Malindi, Kiponda, Hurumzi au Mkunazini muda mfupi baada ya masika, uangalie kuta kuanzia usawa wa goti hadi kifuani. Utakuta kiraka cha kijivu, cha saruji, kilichopigwa na mtu aliyetaka kuokoa ukuta wake. Kiraka chenyewe ni kizima, hakina hata ufa. Lakini pembeni yake, pande zote, lipu ya zamani ya chokaa imemomonyoka, mawe yako wazi, na udongo mwekundu unachuruzika katikati ya mawe hayo. Ngoja mvua nyingine zipite. Kiraka kitaanguka kizimakizima, na kitaondoka na uso wa ukuta uliokuwa nyuma yake.

Anayepita husema chokaa ile ya zamani ilikuwa mbovu, ndiyo maana saruji imebaki nayo imekwisha. Ukweli ni kinyume chake. Saruji ndiyo iliyoyasukuma maji pembeni, na chokaa iliyo jirani ikabeba mzigo wa eneo lake na wa kiraka pia.

Ili kuelewa kwa nini, lazima tuanze na ukuta wenyewe. Nyumba za Mji Mkongwe hazikujengwa kwa matofali. Ni mawe ya matumbawe ya kale, yaliyochimbwa ardhini kisiwani, madogo kwa makubwa, yasiyo na umbo maalumu, yakapangwa na kushikamanishwa kwa chokaa iliyochanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Ukuta mmoja huwa na unene wa nusu mita au zaidi. Ndani yake kuna matundu mengi, na jiwe lenyewe lina vitundu vyake. Msingi haukuwekewa karatasi ya kuzuia unyevu, kwa sababu karatasi hiyo haikuwapo. Maji ya ardhini hupanda ukutani kila siku, mvua hupiga kwa nje, na Unguja hupata mvua ya milimita zipatazo 1,600 kwa mwaka. Ukuta wa namna hii hauwezi kuzuiwa usilowe, na wajenzi wake hawakujaribu kuuzuia. Walihakikisha kwamba ukilowa, unakauka.

Chokaa ndiyo iliyoifanya kazi hiyo. Lipu ya chokaa ina vitundu vidogo vidogo visivyohesabika, na unyevu hupita humo ukatoka nje kuwa mvuke mara jua linapopiga. Chumvi iliyobebwa na maji huishia kwenye uso wa lipu, huganda pale, na polepole huitafuna lipu. Hapo ndipo inapotakiwa iishie. Lipu inaliwa, ukuta unapona, na baada ya miaka mingi fundi anarudi na mwiko wake.

Namna chokaa inavyopatikana ni miongoni mwa maajabu ya pwani yetu, na sijui kwa nini haisimuliwi shuleni. Magogo hupangwa kwa duara, rundo juu ya rundo, na vipande vya matumbawe huwekwa juu yake. Moto huwashwa na kuachwa uunguze kwa saa nyingi. Joto likifika nyuzi zipatazo 900 za Selsiasi, jiwe huanza kutoa hewa ya ukaa iliyofungwa ndani yake, na kwa jumla hupoteza karibu asilimia 44 ya uzito wake. Kinachobaki ni chokaa hai: jiwe jeupe, jepesi, lenye kiu. Kikikutana na maji hufoka, huchemka, hutoa moshi wa mvuke, kisha husagika chenyewe. Hapo fundi mwenye subira huichekecha, huitia kwenye shimo au pipa, na kuifunika kwa maji ikae majuma au miezi. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyonoga, mpaka inakuwa laini na nzito kiasi kwamba ukiuinamisha mwiko haimwagiki.

Anayezoea saruji hushangaa hapo. Mfuko wa saruji ukishika unyevu ghalani umeharibika, wakati chokaa inatunzwa ndani ya maji. Haigandi kwa kukauka tu. Hukaza pale inapoirudisha hewa ya ukaa kutoka angani, na kazi hiyo huenda polepole, kutoka juu kuelekea ndani, ikihitaji ubichi kidogo ili iendelee. Mwisho wake ni kwamba jiwe la matumbawe limepita motoni, likapita majini, na likarudi kuwa jiwe tena likiwa ukutani. Kwa kuwa ni jiwe la asili moja na ukuta, hutanuka na kusinyaa nao. Nyufa ndogo ndogo zinapotokea, maji ya mvua huyeyusha chokaa kidogo iliyo karibu na kuigandisha ndani ya ufa, hivyo lipu hujitibu kwa kiasi fulani. Saruji iliyokwisha kukauka haina uwezo mkubwa wa namna hiyo.

Upigaji wake nao una adabu zake. Kwanza ukuta hutomewa: mashimo makubwa katikati ya mawe huzibwa kwa vijiwe na chokaa, ili lipu isije ikawa nene mahali pamoja na nyembamba pengine. Kisha ukuta hulowanishwa vizuri, kwani jiwe kavu hunyonya maji yote ya lipu kabla haijashika. Tabaka la kwanza, sehemu moja ya chokaa kwa takriban sehemu tatu za mchanga, halizidi sentimita moja. Hurushwa kwa nguvu ili lijikite, halafu huchorwachorwa kwa ncha ya mwiko. Hapo fundi husubiri. Chokaa husinyaa, na nyufa nyembamba zikijitokeza hukandamizwa kwa ubao wa kusugulia zikingali mbichi. Tabaka la pili hufuata baada ya siku kadhaa, na la mwisho ni jembamba, la mchanga uliochekechwa sana. Magunia yaliyoloweshwa hutundikwa mbele ya ukuta ili jua na upepo visiukaushe kwa haraka. Mwisho ni chokaa ya kupaka, nyepesi, tabaka juu ya tabaka, na huo weupe ndio ngozi ya nje inayopaswa kupakwa upya kila baada ya misimu michache.

Utaona kwamba neno linalojirudia hapo ni kusubiri. Ndilo lililoiua chokaa.

Saruji ya Portland ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824 kwa jina la Joseph Aspdin wa Leeds, na kwa muda mrefu ilifika kwetu kwa meli. Kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilianza kuzalisha mwaka 1954, na cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Tangu hapo mfuko wa kilo 50 umekuwa kipimo cha ujenzi wote wa Afrika Mashariki, na fundi anayejua kupika chokaa akageuka kuwa mzee wa zamani. Saruji inashika kwa saa, inapatikana duka la kona, na haihitaji tanuri wala shimo. Sina ugomvi nayo. Bila saruji, watu wengi wa miji yetu wangekuwa bado wanahangaika na paa juu ya vichwa vyao. Ugomvi wangu ni pale inapopakwa juu ya ukuta usioifaa.

Katika Unguja mambo mawili yalikutana. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa na kupangishwa kwa familia nyingi, kila moja chumba chake. Nyumba iliyokuwa na mwenyewe mmoja wa kuangalia paa na mifereji ikawa na wakazi wengi wasio na uwezo wala mamlaka ya kuitengeneza. Mfereji ukitoboka ulibaki umetoboka. Ukuta ukimomonyoka, mkazi alinunua saruji kidogo, akachanganya, akaziba. Kila mtu alifanya alichoweza, kwa nia njema, na hakuna wa kulaumiwa kwa hilo.

Lakini maji hayajali nia. Saruji iliyopigwa nje ya ukuta wa matumbawe hufunga njia ya mvuke. Maji yanaendelea kupanda kutoka ardhini, yanaendelea kuingia kwenye nyufa nyembamba ambazo saruji haikosi kuzipata ukuta unapojongea, yanaendelea kushuka kutoka kwenye paa linalovuja, na yote hayana pa kutokea. Hupanda juu zaidi ya pale yalipokuwa yakifika zamani. Udongo ulio kati ya mawe hulainika. Saruji yenyewe huongeza chumvi zake juu ya zile za bahari, na chumvi hizo zikiganda nyuma ya lipu husukuma kwa nguvu ambayo jiwe laini la matumbawe haliwezi kuistahimili.

Kisha kuna boriti. Sakafu na dari za nyumba hizi hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba, ambao mara nyingi haufiki mita tatu. Ncha za boriti zimezikwa ndani ya ukuta. Ukuta ukiwa unakauka, ncha hizo hukaa karne nzima. Ukuta ukifungiwa maji, ncha huanza kuoza, na huoza mahali ambapo hakuna jicho linalofika: katikati ya boriti pako salama, rangi ya dari ni safi, na ncha imekuwa unga. Mtu anayeishi chini ya dari hiyo hawezi kujua, mpaka siku sakafu itakapotua.

Ndiyo maana suala la lipu si la urembo. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo lile ni kubwa na la aina yake, na itakuwa kosa kuitupia lipu lawama za maafa hayo. Lakini siku ile iliukumbusha mji mzima kwamba kuta za matumbawe zina uzito wa kuua, na kwamba zinaharibika kimya kwa miaka kabla ya kuanguka kwa dakika moja.

Mambo yanaweza kufanywa vizuri, na ushahidi uko pale pale ufukweni. Zahanati ya zamani ya Ithnasheri, katika Barabara ya Mizingani, ilianzishwa na tajiri Tharia Topan mwaka 1887, naye akafariki mwaka 1891 kabla haijakamilika. Roshani zake za mbao ndizo zinazopigwa picha, ila anayependa kazi ya lipu atasimama muda mrefu zaidi mbele ya nakshi za ukutani: nguzo za kuigiza, mikanda, maua na kingo zilizofinyangwa kwa lipu. Jengo lilikuwa limechakaa vibaya mpaka Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan ilipolikarabati katika miaka ya 1990. Leo hata mtoto akipita anaweza kuona kwamba chokaa ina uwezo wa kuchora kivuli kikali kama inavyochora ukingo laini.

Lamu kuna kazi ya zamani zaidi na, kwa ladha yangu, nzuri zaidi. Katika nyumba za mawe za karne ya 18, kadiri unavyoingia kutoka daka la mlangoni kwenda kiwandani, yaani uani, ukapita misana, zile kumbi ndefu nyembamba, hadi ndani kabisa, ndivyo lipu inavyozidi kutajirika. Chumba cha ndani kina zidaka, safu juu ya safu za vishubaka vya ukutani, vilivyokuwa vikiwekwa vyombo vya kauri. Kingo zake zimechongwa kwa mkono kwenye lipu ambayo ilikuwa haijakaza, na fundi aliyezichonga alikuwa na muda mfupi tu wa kukata kila ua kabla ya chokaa kumkatalia. Zitazame kwa karibu na utaona kwamba maua mawili yaliyokusudiwa kufanana hayafanani. Mji wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Unguja.

Msomaji wa Mbagala, Kisauni au Kigamboni anaweza kusema: hayo ni ya majumba ya masultani, mimi nina nyumba ya tofali za inchi sita. Sheria ni ileile.

Tofali nyingi zinazouzwa barabarani ni dhaifu. Mfuko mmoja wa saruji umelazimishwa utoe tofali nyingi kupita uwezo wake, nazo zimeuzwa kabla hazijamwagiliwa maji ya kutosha. Ukuta wa tofali hizo unapigwa lipu ya saruji nyingi, kwa imani kwamba lipu ngumu itaupa nguvu. Lipu hiyo inapokauka husinyaa kwa nguvu kuliko tofali linavyoweza kuishika. Ikivuta, ama inapasuka yenyewe, ama inabanduka na kuondoka na ngozi ya tofali. Mifuko iliyoongezwa ili kuuimarisha ukuta ndiyo iliyoubomoa.

Kwa nyumba ya kawaida, sehemu moja ya saruji kwa tano au sita za mchanga inatosha, na unene wa milimita 12 hadi 15. Saruji ya daraja la 32.5, ambayo namba yake imeandikwa kwenye mfuko, inafaa lipu. Ile ya 42.5 iachieni nguzo na zege. Bora zaidi ni kuingiza chokaa ndani ya mchanganyiko: sehemu moja saruji, moja chokaa, sita mchanga. Lipu hiyo hunyumbuka, haichaniki ovyo, na fundi mwenyewe ataipenda kwa jinsi inavyoteleza vizuri kwenye mwiko. Chokaa ya unga ya viwandani, kama inayotoka Tanga, iloweke maji usiku kucha kabla ya kuitumia, na mchanganyiko utakuwa laini zaidi.

Kuhusu mchanga, nitasema kwa ukali kidogo. Mchanga wa ufukweni usiuguse. Chumvi yake itauchosha ukuta wako maisha yako yote, ikitoa unga mweupe kila baada ya mvua na kula rangi. Hata mchanga wa mtoni au wa shimo upimwe. Chukua chupa inayopenya mwanga, ijaze mchanga hadi nusu, ongeza maji, tikisa sana, iache itulie kwa saa chache. Mchanga utalala chini, tope litakaa juu yake kwa mstari unaoonekana. Tope likizidi asilimia 8 hivi ya kimo cha mchanga, uoshwe au urudishwe ulikotoka. Kipimo hiki hakina gharama yoyote, na ni wachache mno wanaokifanya kabla ya kulipia lori zima.

Yanayobaki ni maji. Ukuta ulowanishwe kabla ya lipu. Lipu iliyochanganywa itumike ndani ya saa moja hivi, na ikianza kushika kwenye karai isiongezwe maji ili ilainike, imwagwe. Baada ya kupigwa, ukuta umwagiliwe asubuhi na jioni kwa siku zisizopungua saba. Hapa ndipo wenye nyumba wengi wanapofanya ubahili: fundi amelipwa, ameondoka, na hakuna aliyepangiwa kumwagilia. Rangi nayo ingoje mwezi mmoja.

Sasa tuchukue kiraka kimoja na tukitengeneze tangu mwanzo, kwa kuwa ukarabati ndio unaowashinda wengi.

Anza kwa kugonga. Pita ukuta mzima na mpini wa nyundo, ukigonga taratibu na kusikiliza. Mahali lipu iliposhika sauti ni fupi na imeziba. Ilipobanduka unasikia debe tupu. Zungushia chaki. Mara nyingi eneo la chaki litakuwa kubwa mara mbili au tatu ya lile lililokuwa likionekana limeharibika, na hapo mwenye nyumba hushawishika kutaka pazibwe palipofumuka tu. Usikubali. Kingo za kiraka lazima zikae kwenye lipu iliyoshika.

Kata kwa patasi na nyundo ndogo, kwa mistari iliyonyooka, ukiinamisha patasi ili ukingo wa lipu ya zamani uwe na mwanya chini yake. Mwanya huo ndio utakaoikamata lipu mpya isidondoke. Toa vumbi kwa brashi ngumu, na urudie, kwa sababu vumbi ndilo adui anayesamehewa kuliko wote. Angalia kilicho nyuma. Kama ni tofali, lilowanishe na usubiri mpaka maji yasionekane yakimeta juu yake. Kama ni jiwe la matumbawe na udongo, toa udongo uliolegea kwa mkono, jaza kwa vijiwe na chokaa, na uache kazi hiyo ikaze kwa siku kadhaa kabla hujaendelea.

Lipu ya kwanza irushwe, isipakwe. Tofauti ni kubwa: inayorushwa huingia kwenye vitundu na kutoa hewa iliyokuwamo, inayopakwa hulala juu ya hewa hiyo. Iache pungufu ya usawa wa ukuta, ichore, ilale. Ya pili ipeleke hadi usawa, uikate kwa ubao mnyoofu unaoegemea lipu ya zamani pande zote mbili. Isugue kwa ubao inapoanza kushika, si kabla. Ukingo unapokutana na lipu ya zamani, upitishie brashi yenye maji ili usiache mstari. Niru usiipige nje. Inapendeza machoni, lakini huleta juu ungaunga wa saruji unaochanika kwanza.

Kwa chokaa mbichi vaa glavu na miwani. Chokaa hai huingizwa kwenye maji, maji hayamwagwi juu ya chokaa, kwa sababu itaruka na kuunguza uso. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi kwa robo saa na uende hospitali, hata kama maumivu yamepungua.

Nyufa zina mambo yake. Zilizo nyembamba, zilizotawanyika bila mwelekeo, ni za lipu iliyokaushwa haraka. Zinaweza kuzibwa kwa chokaa ya kupaka au puti. Ule unaoanzia pembe ya dirisha na kupanda kwa mshazari, au unaopita sakafu mbili, huo si wa lipu. Bandika kipande chembamba cha kioo juu yake kwa jipsam, uandike tarehe. Kioo kikivunjika, nyumba inatembea, na anayehitajika ni mhandisi.

Gharama ni swali halali. Lipu ya chokaa inachukua siku nyingi, na siku za fundi ni fedha. Tanuri la zamani nalo lilikula magogo na matumbawe ambayo leo tunayahitaji yabaki msituni na baharini, kwa hiyo siwezi kumshauri mtu akachome lake. Chokaa ya kiwandani iliyolowekwa ni njia ya katikati inayokubalika. Kinachokosekana zaidi ni mikono. Vyuo vya ufundi vinafundisha saruji kwa sababu soko linataka saruji, na mwenye nyumba ya mawe anapotafuta fundi wa chokaa anaanza kuuliza msikitini na vijiweni. Somo la chokaa katika vyuo vya Unguja, Lamu, Mombasa, Tanga na Kilwa lingekuwa ajira kwa vijana wa mji uleule wanaopita mbele ya kuta hizo kila siku, na sioni kwa nini lisianze na wazee ambao mikono yao bado inakumbuka.

Kwa sasa, mwenye nyumba anaweza kubadilisha mapatano yake na fundi. Katika Mji Mkongwe, anza na kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985. Popote ulipo, tengeneza kwanza paa, mifereji na bomba linalovuja, kwa maana lipu juu ya ukuta unaolowa ni fedha iliyomwagwa. Panga kazi baada ya masika, Juni hadi Septemba, jua linapokuwa na huruma. Andika kwenye karatasi uwiano wa mchanganyiko, unene, na nani atamwagilia. Kisha lipa kwa mafungu, na fungu la mwisho usilitoe siku fundi anaposhuka kwenye jukwaa. Litoe siku ya nane, baada ya kupita ukuta wote na mpini wa nyundo, ukigonga na kusikiliza, fundi akiwa amesimama kando yako.